Moyo Wangu Uliruka, Nikanyamaza

Wasee, wacha leo niseme kitu ambacho sijawahi kuweka hapa.

Mwaka jana, saa nane usiku, nikihariri video na kikombe cha nne cha kahawa mezani, moyo wangu uliruka. Ulipiga, ukanyamaza, halafu ukagonga kishindo kimoja kama mtu anapiga mlango teke. Nikaweka mkono kifuani. Ukarudia.

Asubuhi nikamwambia Mama. Akasema ni mawazo, nipunguze simu. Shangazi akasema ni presha. Jirani, ambaye hata hakuulizwa, akasema kuna mtu ananionea wivu. Mimi nikachagua dawa ya bure: kunyamaza. Miezi mitatu.

Kilichonitoa huko ni mechi ya mtaani. Kijana mmoja alikuwa anakimbia bila mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka kifudifudi. Mikono ikawa inatetemeka. Watu wakapiga kelele ati ni kifafa, leteni kijiko. Mama mmoja ndiye aliyempindua akaanza kumkandamiza kifua, lakini dakika kadhaa zilikuwa zimeshaisha. Kijana hakufika hospitali akiwa hai. Na mimi? Nilikuwa nimeshika simu. Nilikuwa narekodi.

Jumatatu nikaenda kupimwa ECG. Daktari alikuwa mpole, akanichorea kwa kalamu. Kila seli ya moyo ni kama betri ndogo: ikipumzika, ndani yake umeme uko chini kuliko nje kwa karibu milivolti 90. Kwenye utando wake kuna milango. Sodiamu ikiingia kwa kasi, seli inawaka. Kalisiamu inafuata, msuli unajikaza. Potasiamu ikitoka, betri inajichaji upya. Anayeanzisha haya yote ni kikundi cha seli juu upande wa kulia wa moyo, ambazo hazijui kutulia. Zinajiwasha zenyewe mara 60 hadi 100 kwa dakika, na zingine zinafuata.

Shida inaanza seli ya pembeni ikijiamulia kuwaka kabla ya zamu yake. Ndiyo ilikuwa yangu. Pigo linakuja mapema, halafu kimya kidogo, moyo unajaa damu kuliko kawaida, na pigo linalofuata ndilo lile teke. Watu wengi wanayo na hayawadhuru. Niliambiwa nilale na nipunguze kahawa. Basi.

Lakini kuna wenye milango ya potasiamu mizito kufunguka, wamezaliwa hivyo au ni dawa fulani zimewafanya hivyo, betri inachelewa kuchaji, na cheche ndogo ikija wakati huo inaleta vurugu. Kuna wenye kovu kwenye msuli: umeme unalizunguka, unarudi ulikotoka, unazunguka tena, kama matatu iliyokwama kwenye mzunguko wa barabara. Ikizidi, vyumba vya chini vya moyo vinatetemeka tu bila kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu, mwili unaweza kurusharusha mikono. Ule haukuwa lazima uwe kifafa.

Christian Eriksen alianguka vivyo hivyo Copenhagen, Juni 12, 2021, Denmark wakicheza na Finland. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine palepale uwanjani, na mwaka uliofuata alikuwa Kombe la Dunia kule Qatar, na kifaa kimewekwa kifuani. Ile mashine huzima seli zote kwa mpigo mmoja ili zile za juu zipate nafasi ya kuanza upya. (Filamu hutudanganya: mstari ukiwa umenyooka kabisa, kushtua hakusaidii.)

Uwanja wetu hauna mashine. Hauna hata choo, tuseme ukweli. Lakini mikono tulikuwa nayo, watu zaidi ya mia. Katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, na mwingine apige simu. Nilijifunza mwezi uliopita, kwa mdoli, na mikono iliniuma siku mbili.

Ile video niliifuta usiku uleule. Ilikuwa na urefu wa dakika nne na sekunde kumi.