Sikio la Marjani: Siku Zetu za Kakamega



Mtu wa Mombasa aendaye Kakamega huianza safari akijipepea na kuimaliza akitafuta koti. Tulipanda treni hadi Nairobi, tukalala kwa jamaa, na kesho yake tukashika basi la Kisumu. Kutoka Kisumu matatu ilitupandisha milima kwa njia ya Kiboswa, Mbale na Chavakali, baina ya migomba na vishamba vya chai, na majabali makubwa yaliyosimama kana kwamba yamesahauliwa na wajenzi. Karibu na Ilesi abiria mwenzetu alitunyooshea kidole lile jiwe mashuhuri liliao, nguzo ya mwamba itiririkwayo maji mfano wa machozi. Tulilitazama mara moja tu. Mawazo yetu yalikuwa kwa paka.

Ndiyo, kwa paka. Nyumbani tuliaga kwamba twaenda kuwaona wajukuu, na hilo si uongo, lakini kilichotuondoa ni simu ya mkaza mwanetu.

Mwanetu anafanya kazi Kakamega, huu ni mwaka wa tatu. Mkewe ni mzaliwa wa Lamu, mji ambao paka wake wajulikana ulimwenguni kuliko masheha wake, na alipomfuata mumewe bara alichukua vyombo, mashine ya kushonea na paka jike mmoja, Marjani. Mwaka huu Marjani alianza kujikuna masikio usiku kucha na kutikisa kichwa. Binti akatupigia simu. "Baba, paka wangu ana kitu masikioni, nifanyeje?" Sisi tulikuwa barazani, kahawa mkononi, na watu wametuzunguka. Hatukuuliza hata swali moja. Tulimwambia achemshe mafuta ya habasoda na kitunguu thaumu, yapoe, amtie matone matatu kila sikio, asubuhi na jioni. Akasema, "Inshallah, Baba," akatii.

Baada ya siku kumi alipiga tena, na safari hii alikuwa akilia.

Tulipoingia nyumbani mwake, Amalemba, mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha shuka na radi zake; mvua ya Kakamega haingoji kuombewa dua. Marjani alikuwa chini ya kitanda. Alipotolewa tuliona manyoya ya shingo yamegandamana kwa mafuta, nyuma ya sikio la kushoto ngozi imechunika, na ndani mmejaa uchafu mweusi wa chengachenga, mithili ya masira ya kahawa. Kichwa alikiinamisha upande. Mjukuu wetu wa miaka sita alituuliza, "Babu, dawa yako itaanza lini kufanya kazi?"

Wasomaji wetu wengi waijua hadithi ya Abu Qatada, iliyomo katika Muwatta wa Imam Malik na Sunan ya Abu Dawud. Mzee yule alikwenda kwa mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab bin Malik, naye akamtilia maji ya kutawadhia. Paka akaja akitaka kunywa, na mzee akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Alipoona mkaza mwana anamtazama kwa mshangao, akamweleza mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba paka si najisi, bali ni katika wale watuzungukao majumbani. Tumeisomesha hadithi hii zaidi ya miaka ishirini katika mlango wa tohara. Tulishughulika na maji, yafaa au hayafai. Usiku ule, tukiwa wageni wa mkaza mwana wetu na paka wake akigugumia chini ya kitanda, ndipo tulipotambua kwamba katika kisa kile mkwe mzima alikuwa na chombo mkononi, na kiu ya paka ndiyo aliyoijali.

Asubuhi tukaamua kwenda kwa daktari wa mifugo. Majirani walitushauri vingine. Mmoja alikuja na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, akisema tone moja latosha. Alitaka wema, na twamshukuru mkaza mwanetu aliyeikataa kwa adabu, maana baadaye tuliambiwa kwamba dawa za namna hiyo, zenye amitrazi au paremetrini, huweza kumwua paka.

Safari ya kwanza ilikuwa fedheha. Mwanetu alimkamata Marjani kwa nguvu, akamtumbukiza katika gunia, akalifunga mdomo, na tukapanda bodaboda mbili. Karibu na stendi lori likapiga honi, gunia likapasuka, na paka akaruka hadi chini ya vibanda vya nguo za mitumba. Vijana wema walianza kumfukuza kwa fimbo, kila mmoja akipiga kelele zake, na manyunyu yakaanza. Mkaza mwanetu ndiye aliyewaomba wote wanyamaze na wasogee mbali. Akaketi juu ya udongo mwekundu, akatandaza leso aliyojifunga tangu alfajiri, akaanza kumwita kwa sauti ya chini, ya kinyumbani, pasipo kunyoosha mkono. Yalipita kama dakika arubaini. Sisi tulisimama pembeni na mwavuli, tukisoma tunayoyajua. Marjani alitoka mwenyewe, akatambaa hadi kwenye leso, akafunikwa.

Muuza kuku mmoja aliyekuwa akitazama alitupa tenga lake la fito lenye mfuniko. Lilinuka kuku, lakini lilikuwa na hewa na halikupasuka.

Ni lazima tuseme jinsi mambo ya wanyama yalivyo huko. Hii ni nchi ya ng'ombe na kuku. Watu wa Isukha na Idakho hufuga mafahali wa kupigana, na huko Khayega umati hukusanyika kuwatazama. Hukumu ya kuchonganisha wanyama yajulikana, hatutairefusha hapa. Lakini fahali huyo hulishwa na kutibiwa kuliko wana wa watu. Paka kazi yake panya, akiugua husubiriwa apone au afe. Hivyo pale kwa daktari tuliwakuta ndama, mbwa wawili wakali na mzee mwenye jogoo, na sote na paka wetu tulikuwa kama kichekesho. Tenga tuliliweka sakafuni, mbwa mmoja akalinusa, na kutoka hapo hadi zamu yetu Marjani hakuacha kutetemeka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa mikono. Alichukua chombo chenye taa na ncha nyembamba, akachungulia sikio, akakitoa, akafuta mafuta, akachungulia tena. Kisha akauliza, bila ya ukali wowote, "Nani aliyemtia mafuta haya?"

Mkaza mwanetu aliinama. Alikuwa tayari kunyamaza ili atusitiri, nasi tuliliona hilo. Tukasema, "Ni sisi, daktari. Yeye alitii tu."

Daktari alitueleza mambo ambayo twayaandika hapa kwa kuwa paka wamejaa majumbani mwetu. Uchafu mweusi kama kahawa aghalabu ni alama ya utitiri wa masikio, vidudu vyeupe vidogo mno viishivyo juu ya ngozi ndani ya sikio. Kutoka yai hadi kidudu kizima chenye kutaga huchukua takriban wiki tatu, na humwambukiza paka mwingine au mbwa kwa kugusana tu. Lakini si kila mkuno ni utitiri. Huenda ikawa fangasi, bakteria, au punje ya jani. Ndiyo maana hutazamwa kwanza. Njia ya sikio la paka hushuka kisha hukunja kuelekea ndani, na mwisho wake kipo kiwambo. Kiwambo kikiwa kimetoboka, tone la dawa isiyofaa huingia kusikohusika na laweza kumnyang'anya usikivu au mizani ya mwili. Kijiti cha pamba nacho husukuma uchafu ndani zaidi. Ama kitunguu thaumu, ni sumu kwa paka, huharibu damu yake. Na paka aliyepakwa atajilamba.

Ubora wa habasoda hatuutilii shaka. Shaka yetu ni juu ya aliyeiagiza kwa simu kwa sikio asiloliona.

Kwa sababu ya mafuta yale, kiwambo cha kushoto hakikuonekana, na Marjani alikuwa na hofu kiasi cha kutoshikika. Daktari hakushindana naye. Alimfunika taulo, akampima uzito, kilo tatu na kidogo, akamchoma sindano ya aivamektini kwa kipimo cha uzito huo, akatuonya kwamba ile iuzwayo kwa ng'ombe ni kali na haikadiriwi kwa jicho. Akamsafisha kwa nje tu. Akatuagiza turudi baada ya wiki mbili kwa sindano ya pili, apate na kukitazama kiwambo, na tulete kila mwenye manyoya nyumbani. Hapo tukamkumbuka mbwa wa mwenye nyumba, ambaye Marjani hulala naye jikoni siku za baridi.

Tuliahirisha kurudi Mombasa. Wiki mbili zile tuliishi na tenga. Mkaza mwanetu alilianika likapungua harufu, akalitandika leso ile ile, akaliacha wazi sebuleni. Siku tatu za kwanza paka alilipita kwa mbali kama apitavyo mtu nyumba ya mdeni wake. Siku ya nne akatiliwa dagaa mlangoni. Ya sita akawekewa ndani kabisa. Ya tisa tulimkuta amelala humo. Mjukuu alipewa kazi ya kuufunga mfuniko kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha ishirini, na kumtuza. Siku mbili zilipita bila kufanya hivyo kwa sababu ya wageni, na Ijumaa moja tulikwenda Mumias kuswali, mji uliopokea Uislamu kwa misafara ya Pwani zama za Nabongo Mumia. Wazee wa Kiwanga walitukirimu kuku mpaka tukashindwa kuinuka. Msitu wa Kakamega, mabaki ya ule msitu mkubwa uliowahi kuungana na misitu ya Kongo, tuliuona kwa mbali tu. Tutauzuru wakati mwingine, Mungu akipenda.

Safari ya pili mkaza mwanetu alimwomba daktari kwa simu atupokee saa mbili kamili, kabla ya mbwa kufika. Tulikodi gari. Tenga lilifunikwa leso nyingine ili asione barabara, likawekwa imara sakafuni mwa gari, si la kuning'inizwa. Pale hatukulishusha chini; tulilipakata. Daktari aliondoa mfuniko akamwacha paka akae humo humo, akamtazama bila kumtoa. Marjani alinguruma, tusidanganyane, na akampiga daktari kofi moja. Lakini hakutetemeka.

Sikio la kulia lilikuwa safi. La kushoto kiwambo kilikuwa kizima, alhamdulillahi, japo ngozi ilikuwa bado nyekundu, na safari hii akapewa matone yanayomfaa, ya siku saba. Mbwa wa mwenye nyumba naye alichomwa sindano, akalia kuliko paka.

Usiku wa kuaga, mkaza mwanetu alituletea maji ya kutawadhia. Tulimwomba radhi mbele ya mumewe na watoto, kwa kuwa tulimwamrisha mbele ya watu. Alisema, "Baba, mimi pia ningeuliza kwingine." Tukamwambia hakukosa kitu.

Muuza kuku alifuata tenga lake asubuhi tuliyoondoka. Mjukuu alimwonyesha Marjani aliyejikunja ndani yake, macho amefumba. Yule bwana akalitazama, akatutazama sisi na mizigo yetu, akataja bei ya tenga jipya. Tulimlipa.