Kasi Huhesabiwa Mara Mbili

Kanuni ya nishati mwendo niliikariri shuleni kama wengine: nusu ya tungamo, mara kasi, mara kasi tena. Jibu likitoka sawa, nafungua ukurasa mwingine. Swali la kwa nini tungamo, yaani gari zima na shehena yake, litajwe mara moja huku kasi ikirudiwa, lilinijia ukubwani, na mpaka leo nalizungukazunguka tu.

Ulionifungua macho kidogo ni udongo. Miaka ya 1720 Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, aliangusha tufe za shaba kwenye udongo mfinyanzi, kisha akapima mashimo. Tufe lililotua kwa kasi maradufu halikuchimba mara mbili. Lilichimba mara nne. Wafuasi wa Newton walikuwa wakipima nguvu ya kitu kiendacho kwa tungamo mara kasi, basi. Mwanafalsafa Mjerumani, Leibniz, alikwisha kulipinga hilo tangu 1686. Akaja Mfaransa Émilie du Châtelet, na katika kitabu chake cha 1740 akasimama upande wa Leibniz na udongo ule. Mama huyu ndiye aliyekuja kutumia miaka yake ya mwisho kukitafsiri kitabu kikuu cha Newton. Hilo hunigusa kuliko hesabu yenyewe. Mimi nikimheshimu mtu, huona taabu hata kumuuliza.

Siku hizi nikiwa safarini napenda kupiga hesabu kichwani. Chukua basi la tani 15 likienda kilomita 80 kwa saa: limebeba takriban jouli milioni 3.7. Likifika kijijini, penye kibao cha 50, zinabaki kama milioni 1.4. Kasi haijapungua hata nusu, lakini nishati imepungua zaidi ya nusu, na iliyotoka karibu yote imegeuka joto, hasa kwenye breki. Kumbe zile kilomita 30 tunazozililia ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Lakini kuna jambo bado linanisumbua. Kasi ni ya kupimwa kutoka mahali fulani. Begi la kilo tano nililolipakata, kwangu mimi nishati mwendo yake ni sifuri, maana limetulia mapajani. Kwa muuza mahindi aliyesimama kando ya barabara, basi likiwa kwenye ile 80, begi hilohilo linapita na jouli zaidi ya 1,200. Hesabu zote mbili ni sahihi. Fizikia haimpendelei yeyote. Nilidhani nishati ni mali ya kitu, kama rangi yake, kumbe inategemea nani anakitazama akiwa wapi. Sijui nilipeleke wapi wazo hili. Ila dereva akipunguza mwendo na abiria wakaanza kunung'unika, mimi hujiuliza afuate hesabu ipi: yetu sisi tulioketi, au ya yule anayesubiri kuvuka.