Chupa ya Ijumaa

Usiku mmoja wa Jumapili nilimpakata mamangu kutoka nyumbani hadi Nairobi. Sio yeye mzima. Ni vipande vinne vya nyama ya titi lake, vyembamba kama tambi, ndani ya chupa ndogo ya plastiki ambayo nesi alikuwa ameifunga kwa glavu. Basi lilipofika Mtito Andei watu wote wakashuka kunywa chai. Mimi nikabaki nimekaa, begi mapajani. Jamaa wa kiti cha karibu alirudi na mahindi ya kuchoma akaniuliza, "Boss, kwani umebeba dhahabu?"

Nikacheka tu. Utaanzia wapi kumwambia mtu usiyemjua kwamba umebeba titi la mama yako?

Hata nyumbani neno hilo halikutajwa. Mama aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba anaumwa "kifua". Wakamletea asali, tangawizi na mafuta ya kuchua. Mmoja alimshauri akapimwe TB. Mama alipokea kila kitu, akashukuru, akapanga chupa za asali kabatini. Uvimbe ulikuwa umeshafika ukubwa wa ndimu.

Vipande vile vilitolewa Ijumaa saa tisa alasiri, katika hospitali ambayo haikuwa na maabara ya kuvipima. Hilo si jambo geni. Ukitoka nje ya miji mikubwa, mara nyingi jamaa wa mgonjwa ndiye anayegeuka mtu wa kupeleka vifurushi. Nesi alikuwa mkweli. "Fomalini iliisha juzi," aliniambia. "Nimeweka kwa maji ya dripu. Iweke mahali pa baridi, na uipeleke haraka."

Lakini haraka ya Ijumaa jioni ni Jumatatu asubuhi. Wikendi nzima chupa ilikaa kwenye friji ya duka la jirani, kati ya maziwa ya pakiti na soda. Niliifikisha maabara ya Nairobi Jumatatu saa tatu asubuhi. Saa 66. Sikuzihesabu wakati ule. Nilijiona kijana mzuri, aliyetumwa akafika.

Majibu ya kwanza yalisema ni saratani. Kisha wakatuambia kuna kipimo kingine, cha vipokezi, na kinalipiwa kando. Tukafungua grupu ya WhatsApp, tukachanga, tukalipa. Wiki tatu baadaye nikapata karatasi yenye mistari mitatu: ER hasi, PR hasi, HER2 hasi.

Nieleze hapa nilivyokuja kuelewa, kwa sababu mwanzoni sikuelewa chochote. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Seli nyingine zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni. Vipokee kama simu: homoni inapiga, seli inapokea, inaamrishwa ikue. Nyingi ziko hivyo, na kwa mgonjwa ni afadhali, maana kuna dawa ya kuingilia hiyo laini. Inaitwa tamoksifeni, tembe moja kwa siku, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliitengeneza mwaka 1962 ikitafuta dawa ya kupanga uzazi. Tembe hiyo hukalia kipokezi, na homoni ikipiga inakutana na ule ujumbe tunaoujua sote: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Aina nyingine ina protini ya HER2 kupita kiasi juu ya seli zake, na hiyo ina dawa yake, trastuzumabu, ya kudungwa. Halafu kuna ile isiyo na chochote kati ya hivyo vitatu. Hiyo haina laini ya kukata. Hukua kwa kasi, na silaha yake kubwa ni kemo. Karatasi ilisema mama ana hiyo.

Usiku ule, kwenye bedsitter yangu, nilisoma kwenye simu hadi chaji ikaisha. Nilisoma ilivyo kali, na inavyoweza kurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo. Asubuhi mama akapiga.

"Sasa yangu ni ya aina gani, baba?"

"Ni ile ya kawaida tu, mama."

"Kawaida ni sawa," akasema. Akaniuliza kama nimekula.

Alipewa kemo. Nywele zikaenda, kucha zikawa nyeusi, chai ikawa inanuka chuma. Hakulalamika, ila siku moja alisema anaona aibu kwamba wale wanawake wa kanisa bado wanamwombea kifua. Uvimbe ulipopungua, tukahamishiwa hospitali nyingine, ya Nairobi, afanyiwe upasuaji.

Huko ndiko daktari mmoja kijana alipofanya jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya, mimi nikiwemo. Alisoma ile karatasi yote. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na sentensi kwamba tishu haikuhifadhiwa vizuri. Akainua uso.

"Hii ililetwa na nani?"

"Mimi."

"Ikiwa ndani ya nini?"

Nikamwambia. Maji ya dripu, friji ya duka, basi. Hakunikaripia, na nilitamani angenikaripia. Alieleza polepole kwamba nyama ikitoka mwilini huanza kuharibika mara moja, na vipokezi ni kati ya vitu vinavyoweza kupotea. Inatakiwa iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa 1, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Maji ya chumvi hayahifadhi. Huko maabara wanapaka kemikali inayogeuza vipokezi kuwa rangi ya kahawia. Kama vimeshaharibika, hakuna kahawia, na anayesoma anaandika "hasi". Karatasi haiwezi kukwambia kama vipokezi havikuwepo au vilifia njiani.

"Lakini kuna njia ya kujua," akasema.

Aliomba slaidi za zamani zitafutwe. Kando ya saratani, kwenye vipande vile vile, kulikuwa na mirija ya kawaida ya titi, ile iliyo mizima. Mirija hiyo huwa na seli zenye vipokezi vya estrojeni, kwa hivyo ni lazima baadhi yake zigeuke kahawia. Za mama hazikuwa zimegeuka hata moja. Kipimo chenyewe ndicho kilichofeli, na ushahidi ulikuwa palepale kwenye kioo tangu siku ya kwanza.

Titi lilipotolewa, lilipasuliwa na kutiwa fomalini bila kuchelewa. Majibu yalipotoka, ER ilikuwa chanya: seli 80 kati ya kila 100.

Ningependa kusema nilifurahi. Enyewe nilifurahi, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye kingo za maua nikatetemeka. Kwa ile karatasi ya kwanza, baada ya upasuaji mama angeambiwa amemaliza, awe anakuja kliniki. Hakuna mtu angemwandikia tembe. Angerudi nyumbani na simu zikiendelea kuita ndani yake, kwa sababu ya chupa niliyoipakata kwa mapenzi yote.

Tangu hapo sisomi takwimu kama zamani. Ni kweli kwamba saratani ile ya hasi tatu huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi. Lakini mwaka 2014 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi za bara hili. Pale ambapo tishu zilikusanywa kwa mpango maalum wa utafiti, wanawake wenye ER chanya walikuwa wengi kuliko pale walipotumia tishu zilizotolewa kwenye kumbukumbu za maabara. Kwa hivyo baadhi ya hizo hasi huenda ni za chupa. Tumezoea kusikia kwamba miili yetu ina ugonjwa mbaya zaidi. Huwa hatuulizi nyama ilisafiri vipi.

Sitaki mtu afikirie kwamba kila hasi ni uongo. Kwenye foleni ya kliniki mama alipata rafiki, mwalimu, ambaye naye alirudiwa kipimo. Kikatoka hasi tena, hasi ya kweli. Mwingine alikuwa na HER2 chanya bila shaka yoyote. Dawa yake iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2015, lakini inadungwa kila wiki tatu kwa mwaka mzima, na yeye alikuwa akihesabu sindano kama mtu anayehesabu kodi ya nyumba. Kujua jina la ugonjwa si kupona. Ni kujua tu mlango upi wa kugonga.

Mama nilimwambia ukweli wote, hata ule uongo wa "kawaida". Alinyamaza kidogo. "Ulifanya ulivyojua," akasema. Kisha, "Na yule nesi pia." Sasa anameza tembe yake taarifa ya habari ya saa moja ikianza. Ataimeza miaka mitano, pengine kumi. Kanisani alisimama akasema ni titi, si kifua. Baada ya ibada wanawake wawili walimfuata chooni.

Mwezi uliopita binti wa mmoja wao alinipigia. Ijumaa, saa kumi kasoro. Mamake ametoka kukatwa nyama sasa hivi, anataka kujua atashuka stage gani Nairobi kufika maabara.

"Kwanza," nikamwambia, "kwenye chupa wameweka nini?"

"Sijui. Ni maji tu."

"Kaulize. Usikate simu."

Nikasikia viatu vyake kwenye korido, mlango, sauti ya nesi kwa mbali. Nikashika simu kwa mikono miwili nikangoja.