Michanga ya Lukuledi: Safari ya Familia Kutoka Newala Hadi Lindi

Kila likizo ya shule ikaribiapo, wazazi huulizana: tuwapeleke wapi watoto, mahali ambapo macho yatafurahi, mfuko hautaumia, na Sala haitapotea? Sisi tulipata jibu katika mto ulio jirani yetu. Tulikata shauri kuufuata Mto Lukuledi, kutoka nchi ya Masasi hadi unakoingia baharini katika ghuba ya Lindi, na kutazama jambo moja tu: rangi za mchanga.

Tulikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuitaja mbele ya watoto. Wiki chache kabla ya safari, tulikuta chini ya godoro la binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, kopo la mkorogo. Wenzake walikuwa wakimtania kwa weusi wake. Tulimkaripia, tukamweleza kwamba vipodozi vya namna hiyo aghalabu huwa na zebaki au haidrokwinoni, kwamba serikali imevipiga marufuku, na kwamba zebaki huharibu figo. Alisikiliza, akanyamaza, na wala hakutoa kopo. Bibi yake, ambaye amezaliwa Newala na kuzeekea hapo, akatuambia, "Mwacheni mke mwenzangu. Nitasafiri naye."

Basi tukaondoka baada ya Sala ya Alfajiri, watu sita wa nyumba moja. Kabla ya kupanda gari, mtoto wetu mdogo wa kiume alijaza mchanga wa uani katika kichupa cha dawa kilichooshwa. Mchanga wa Newala ni mwekundu. Uwanda wa Makonde umefunikwa na udongo wa kichanga wenye madini ya chuma, na chuma kikikutana na hewa na unyevu hushika kutu. Kutu hiyo huzivika chembe za mchanga nguo nyekundu. Udongo huo huo hupitisha maji upesi mno, ndiyo maana mvua ikinyesha uwandani maji huzama na kutokea chini kabisa, kwenye miguu ya mteremko.

Bibi alitusimulia njiani habari za maji hayo. Katika utoto wake wanawake waliteremka bondeni alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali, na kila tone lilikuwa na hesabu yake. Mzungu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza maisha ya wenyeji, naye aliuona uwanda huu usio na mito. "Maji ya kunywa yakiwa haba," alisema bibi, "mchanga huu ndio uliotupa tayamamu." Hapo akamgeukia binti yetu, akamwuliza, "Mke mwenzangu, mchanga huu mwekundu ni mchafu?" Akajibu, "Hapana, bibi. Ungekuwa mchafu tusingetayamamia." Bibi hakuongeza neno.

Tulipofika Masasi tulisimama karibu na vilima vya mawe vinavyouzunguka mji. Mawe hayo ni ya kale mno, na mvua na jua vimekuwa vikiyamega chembe kwa chembe. Chini yake tuliokota mchanga wa kijivu uliochanganyika na ulanga, unaometameta ukiushika juani. Hicho kikawa kichupa cha pili.

Masasi ina historia ambayo hatukutaka watoto wetu waipite wamefumba macho. Bonde la Lukuledi lilikuwa sehemu ya njia za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda pwani. Katika misafara hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakauzwe Lindi, Kilwa na Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya Kiingereza aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi yao hapa. Tuliwaeleza watoto kwamba miongoni mwa walioendesha biashara ile walikuwamo watu waliofunga na kusali kama sisi, na kwamba dini inayohesabu kumwacha mtu huru kuwa ibada haikuwapa ruhusa ya kumdharau mtu kwa rangi au kabila lake. Ni kweli chungu, lakini mtoto akiisikia kwanza kwa wazazi wake huibeba vizuri zaidi.

Kutoka Masasi barabara hushuka bondeni, Uwanda wa Makonde ukiwa mkono wa kulia kama ukuta. Tukapita Ndanda, tukapita Nyangao, ambako jirani yake, mahali paitwapo Mahiwa, Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali mwezi Oktoba mwaka 1917, na Waafrika wengi wakafa kwa ugomvi usiokuwa wao. Mahali fulani katika bonde hilo tuliteremka mtoni. Ilikuwa kiangazi, maji yamepungua, na mchanga umejianika pande zote mbili, rangi yake kama ya asali. Hapo mchanga mwekundu wa uwandani na wa kijivu wa Masasi hukutana, maji yakaupiga msasa, kutu ikafifia. Kichupa cha tatu kikajaa.

Pale pale tuliona mashimo yaliyochimbwa na watu wanaopakia mchanga wa kujengea. Sote twahitaji nyumba, na mchanga ni riziki ya vijana wengi. Lakini mto unaochukuliwa mchanga kuliko unavyoletewa huanza kula kingo zake, mashamba yakaanguka, na fuko za pwani nazo zikakosa mchanga wa kuziba nafasi ya ule uliochukuliwa na mawimbi. Tuliwaambia watoto kwamba amana si fedha peke yake.

Katika njia panda ya Mnazi Mmoja, ambapo mkono wa kulia ni Mtwara, tulishika kushoto kuelekea Lindi. Kwa kuwa safari yetu ilikuwa imevuka masafa ya kukusuru Sala, tulisali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili kwa kuzikusanya, kisha tukaenda ufukweni.

Binti yetu alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alisimama kimya kwa muda mrefu. Mdogo wake alikwisha kuinama. Karibu na mikoko ya mlango wa mto, mchanga ni wa kahawia na umechanganyika na tope. Kadiri unavyosogea kwenye maji ya bahari huwa mweupe zaidi. Huo mweupe haukutoka Masasi. Sehemu yake kubwa ni makombe na matumbawe yaliyosagwa. Samaki aitwaye pono hutafuna matumbawe kwa meno yake magumu, akala kilichomo, kisha akatoa mchanga. Tulipowaambia hayo watoto walicheka hadi wakaketi chini.

Tukawaeleza kwamba si kila kisiwa kina ufuko mweupe kama wa Unguja na Pemba. Ngazidja, kwa ndugu zetu Wangazija, kuna fuko nyeusi, kwa sababu mlima Karthala umetapika mawe ya moto ambayo bahari imeyasaga. Huko Hawaii uko ufuko wa kijani, na katika visiwa vya Bahama uko wa waridi, uliotiwa rangi na maganda ya viumbe vidogo sana vya baharini. Hakuna hata mmoja uliopakwa rangi na mkono wa mwanadamu.

Jua lilipokuwa likishuka, bibi alivipanga vichupa vinne juu ya mkeka. Akamkumbusha mjukuu wake kwamba katika Sura ya Fatir, aya ya 27, Mwenyezi Mungu anataja milima yenye mistari myeupe na myekundu na myeusi sana, akiihesabu kuwa miongoni mwa dalili zake. Kisha akamsimulia maana ya hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba Adam aliumbwa kwa gao la udongo uliokusanywa kutoka ardhi yote, na ndiyo sababu wanawe wametoka wekundu, weupe, weusi na walio baina ya hayo. "Sasa niambie," akasema, "katika hivi vinne, kipi nikimwage kwa kuwa Mola alikosea?"

Binti hakujibu. Aliinama, machozi yakamdondoka. Baada ya kitambo akasema, "Lakini bibi, hata nyumbani mdogo wangu anaitwa 'mweupe wetu'. Mimi siitwi kitu."

Maneno hayo yalituangukia sisi. Ni kweli: tulimwita hivyo mdogo wake tangu uchanga, mbele ya wageni, tukicheka. Tulidhani ugonjwa umetoka shuleni, kumbe mbegu yake tuliipanda sebuleni. Tulimwomba radhi pale pale ufukweni, na jina lile tumeliacha.

Siku ya tatu tulirudi Newala. Usiku huo binti alikwenda chumbani kwa bibi yake na kumkabidhi kopo. Hatujui kama utani wa wenzake umekwisha, yamkini haujakwisha. Vichupa vinne vimepangwa dirishani pake, na yeye mwenyewe hupangusa vumbi.

Kwa familia zitakazotaka kuifuata njia hii, tunashauri mambo machache. Safirini kiangazi, mto ukiwa umepungua. Chukueni mchanga wa kichupa tu, si wa gunia. Watoto wasiingie baharini peke yao. Na mkiwa na mzee nyumbani ambaye bado ana nguvu za kusafiri, msimwache.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuyaona maumbile yake kama alivyoyapamba, na atusamehe tuliyowatamkia watoto wetu kwa mzaha. Amin.