Siku Kumi Edinburgh Kabla ya Masomo Kuanza

Treni ya kutoka London kwenda Edinburgh huchukua saa nne na nusu hivi. Anayekwenda kaskazini akae upande wa kulia, kwa sababu ukishapita Newcastle bahari huanza kuonekana, na karibu na Berwick reli inapita kando yake kabisa. Mimi nilikaa upande huo kwa bahati tu. Mapajani nilikuwa na kopo la halua niliyopewa na wifi yangu Maskati, na simu niliyokuwa nikiitazama kila baada ya dakika tano. Binti yangu wa miaka saba alikuwa hajajibu ujumbe wangu hata mmoja tangu nilipopanda ndege.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Huu ni mwaka wa tisa naishi Maskati, ambako nasomesha skuli ya msingi na mume wangu anafanya kazi. Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu ya kusoma shahada ya uzamili ya elimu, hasa jinsi mtoto anavyojifunza kusoma pale lugha ya nyumbani inapokuwa si lugha ya darasani. Kwangu hilo si jambo la vitabuni. Nyumbani tunasema Kiswahili, binti yangu anacheza na wenzake kwa Kiarabu, na skuli anasoma kwa Kiingereza. Nilipopata nafasi Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo kilichoanzishwa mwaka 1583, nilikaa sakafuni jikoni nikacheka peke yangu.

Halafu nikasoma masharti ya viza. Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa uzamili wanaokwenda Uingereza kutoka nje hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Ruhusa imebaki kwa wa uzamivu, wa kozi za utafiti na wachache wanaolipiwa na serikali. Kozi yangu ni ya mwaka mmoja: mihula miwili ya darasani, kisha tasnifu wakati wa kiangazi. Kwa mtu mzima mwaka ni mfupi. Kwa mtoto wa miaka saba, mwaka ni sehemu moja ya saba ya umri wake wote.

Tulizungumza usiku mwingi. Mume wangu alisema, "Nenda. Ukibaki utakuja kunilaumu, na utakuwa na haki." Mama yangu akapanda ndege kutoka Unguja aje akae na mjukuu wake. Binti yangu hakusema kitu. Siku ya safari alikataa kunisindikiza uwanja wa ndege.

Nilifika siku kumi kabla ya masomo kuanza, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayejiandaa ni huo: kama uwezo upo, fika mapema. Wiki ya kuwakaribisha wageni ina shughuli nyingi, na mtu anayehangaika kutafuta pa kulala haifaidi.

La chumba nusura linitoe machozi. Mwezi wa saba, nikiwa bado Maskati, niliona tangazo la chumba kizuri, bei nafuu kuliko vyote. Mwenye nyumba akaandika kuwa yuko nje ya nchi. Nitume kodi ya miezi miwili pamoja na amana, naye atanitumia funguo kwa posta. Nilikuwa nimeshafungua programu ya benki kwenye simu. Mama, ambaye hajawahi kufika Ulaya, akaniuliza swali moja: "Mtu huyo umemwona uso?" Sikutuma. Baadaye nikajua kuwa kwa sheria za Uskoti amana haizidi kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba anatakiwa aipeleke kwenye mfuko wa amana ulioidhinishwa. Anayetaka pesa zako kabla hujauona mlango, muache. Nililala hosteli siku tatu, nikaenda kuona vyumba kwa miguu yangu, nikapata kimoja mtaa wa Newington, ghorofa ya tatu, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa kukanyagwa na watu wa miaka na miaka.

Edinburgh ni mji unaodanganya ramani. Siku ya pili nilikuwa nikitafuta barabara ya Cowgate. Simu ikasema nimefika. Nikatazama kulia, hakuna, kushoto, hakuna. Kumbe nilikuwa nimesimama juu ya South Bridge, daraja lililobanwa na majengo pande zote mbili hata hujui kama ni daraja. Nilipochungulia pale penye uwazi, nikaiona Cowgate yote, na magari yake na watu wake, iko chini ya miguu yangu. Mji umejengwa juu ya vilima na mabonde, na barabara moja inaweza kupita juu ya nyingine. Tangu siku ile sikuuliza tena "ni umbali gani?" Nilianza kuuliza "ni juu au chini?"

Kitu kilichonifanya nijihisi si mgeni sana ni vichochoro. Barabara kuu ya mji wa kale, Royal Mile, inateremka kutoka kwenye ngome hadi kasri la Holyrood, na pande zote mbili kuna vipenyo vyembamba kati ya nyumba ndefu za mawe. Kila kimoja kina jina lake. Vingine mkutane watu wawili, mmoja ajibanze ukutani. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe anajua la kufanya mahali kama hapo: usiogope kupotea, utatokea tu. Nilikata kimoja upande wa chini, nikatokea karibu na Moray House, ambako ndiko kwenye skuli ya elimu ya chuo. Nilisimama nje ya geti kama dakika kumi, nikiwa na koti la mvua nililonunua siku hiyo hiyo, kwa sababu lile la Maskati lilikuwa pambo tu.

Kila siku saa tisa mchana nilipiga simu nyumbani. Kule ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mume wangu anapokea, mama anapokea, halafu simu inapelekwa kwa bibie, naye anajifunika shuka. Siku ya nne nikalia mbele ya mama. Akaniambia, "Usimlazimishe. Wewe mwambie ulichokiona leo, basi. Mtoto anasikiliza hata akiwa amegeuka ukutani."

Basi nikaanza kumrekodia. Kila nilikopita nilimtumia sauti ya dakika mbili, bila kumuuliza lolote. Nilimwambia juu ya Arthur's Seat, kilima cha mita 251 kilichobaki kutokana na volkano ya zamani sana, kiko katikati ya mji na watu wanakipanda baada ya kazi. Nilimwambia kuwa Jumba la Makumbusho la Taifa huingii kwa tiketi, na humo ndani kuna Dolly, kondoo aliyezaliwa mwaka 1996 karibu na mji huu, mnyama wa kwanza wa kunyonyesha kuzalishwa kutokana na chembe ya mwili wa mnyama mkubwa. Nilimwambia kuwa msikiti mkuu uko jirani kabisa na majengo ya chuo, na kwamba nje yake nimekula wali na mchuzi nikisikia Kiurdu, Kiarabu na Kiingereza cha Uskoti kwenye meza moja. Nilimwambia juu ya ukungu unaotoka baharini, wenyeji wanauita haar, unaomeza ngome nzima asubuhi na kuirudisha mchana.

Siku ya saba nilikaa kwenye bustani ya Meadows, nyuma ya maktaba kuu, nikamfikiria Mwalimu Nyerere. Alisoma chuo hiki kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akapata shahada ya M.A., ambayo Uskoti ni shahada ya kwanza. Nyumbani alimwacha mchumba wake, Maria, wakaja kuoana mwaka 1953 baada ya yeye kurudi. Sisi tunalalamika mtandao unakatika. Wao walitegemea barua. Siku zote tumesimuliwa Mwalimu aliyerudi na elimu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimfikiria aliyebaki akisubiri.

Jioni ile nikapita kwenye kona yenye sanamu ya mbwa mdogo anayeitwa Greyfriars Bobby. Wanasimulia kuwa bwana wake alipokufa mwaka 1858, mbwa huyu alikaa karibu na kaburi lake miaka 14, mpaka naye akafa. Watalii wamemsugua pua mpaka imeng'aa, ingawa wenyeji wanawaomba waache. Nikamrekodia binti yangu hadithi hiyo bila kufikiri. Nilipokwisha kuituma nikajuta. Hadithi ya kusubiri mtu asiyerudi, ya nini kumpa mtoto?

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Ni yeye, kwa simu ya bibi yake.

"Mama, huyo mbwa hana akili. Si angewauliza watu kama bwana wake anarudi?"

"Mbwa hawezi kuuliza, mwanangu."

"Mimi naweza. Wewe unarudi lini?"

"Mwezi wa nane, inshallah."

"Kabla ya hapo?"

Nikanyamaza. Mihula miwili ina likizo katikati, karibu wiki tatu, lakini tiketi ya Desemba sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. Pesa zilizobaki zilikuwa za kununua kompyuta mpya.

"Niambie tarehe," akasema. "Usiseme inshallah peke yake."

Nyuma nilimsikia mama akisema, "Mtoto wewe!" lakini alikuwa anacheka.

Usiku ule nilipiga hesabu upya. Maktaba ya chuo ina kompyuta nyingi, na ina utaratibu wa kuwaazima wanafunzi kompyuta za kubeba. Ile yangu kuukuu inazimika ukiichomoa kwenye umeme, lakini kwenye umeme inafanya kazi. Asubuhi nilinunua tiketi ya kurudi Maskati mara mitihani ya muhula wa kwanza itakapokwisha, wakati ambapo Edinburgh jua litakuwa linazama kabla ya saa kumi jioni. Nikamtumia binti yangu tarehe. Bibi yake akanipigia picha ya mlango wa jokofu: tarehe imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake mbwa aliyechorwa na masikio makubwa mno.

Wengi wananiuliza mtu ajiandae vipi kwa chuo kama hiki. Wanatarajia niwataje vitabu. Vitabu utapewa orodha yake. Weka nyaraka zako sawa, jihadhari na walaghai wa nyumba, nunua koti ukishafika. Lakini kabla ya yote hayo, kaa na unaowaacha mkubaliane tarehe, siyo "tutaona". Mimi nilijiandaa miezi minane kwa ajili ya chuo, na swali la mwanangu nikalijibu siku ya saba nikiwa kando ya barabara, mbele ya sanamu ya mbwa.

Siku ya kumi nilichukua kitambulisho changu cha mwanafunzi. Nilikwenda Moray House bila kutazama simu: nikateremka, nikakata kichochoro, nikatokea getini. Safari hii sikusimama nje.