Kesi ya kaseti ya Mjomba

Najua nimepotea. Majaribio yalibana, bumu likaisha kabla ya mwezi, na wiki mbili nzima sijaandika hata mstari mmoja. Kilichonirudisha leo ni ugomvi. Siyo wa ngumi, ni wa muziki, ambao kwa chumba chetu ni mbaya zaidi.

Rumeti wangu ni mshabiki wa Queen kuliko Queen wenyewe. Juzi usiku nimeweka albamu ya Mr. Bad Guy kwenye spika yake (nilimwomba, msinifikirie vibaya), haijafika wimbo wa pili akaja akaizima. "Acha uchafu bwana," akasema. "Hiyo siyo Queen. Hapo Freddie kalewa kinanda cha watoto." Akageukia ukutani akalala.

Mimi sikulala. Mnajua mimi Mpare. Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate pesa ya kuendesha kesi ya kuku. Utani huo nimeusikia tangu darasa la kwanza nikawa nacheka tu, lakini juzi ndiyo nimeuelewa. Kuku wangu ni albamu ya mwaka 1985. Ng'ombe ni usingizi wangu. Basi kesi naifungua hapa, na nyie ndiyo wazee wa baraza.

Nianze na jinsi nilivyoipata, maana bila hapo hamtanielewa.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na Land Rover ya abiria na mizigo kati ya Same mjini na Mbaga. Kwa ambaye hajafika: Same ni mji wa upepo na vumbi, uko kwenye barabara kuu ya Moshi, ukitoka Dar unaupata baada ya Hedaru na Makanya. Chini kukavu, mkonge na miiba. Ila ukiinua macho unaiona milima, na kule juu ni dunia nyingine kabisa. Kuna ukungu, migomba, tangawizi, na baridi ya kuvalia sweta mwezi wa saba. Juu zaidi ndiyo kuna Shengena, mita 2,462, kilele kirefu kuliko vyote Upareni. Nilipokuwa mdogo, kila likizo nilipanda na Mjomba, nimebanwa kati yake na gunia la mtu.

Kwenye dashibodi kulikuwa na kaseti za kwaya, na kaseti moja ambayo karatasi yake ilishachanika. Juu yake Mjomba alikuwa ameandika kwa kalamu: MWL. DENI.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwishoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Unguja anafundisha huko milimani. Siku moja akashuka na Mjomba mpaka Same, kufika hana nauli. Akaacha kaseti iwe rehani, akasema mshahara ukitoka ataikomboa. Kabla hajaikomboa akahamishwa. Mjomba akabaki na kaseti, na akabaki na kesi.

Mwalimu alimweleza kwamba mwimbaji ni mtoto wa Unguja, ni Mparsi. Mjomba akasikia Mpare. Kwa hiyo miaka yote ile abiria wakiuliza huyu Mzungu anaimba nini, Mjomba anajibu, "Mzungu wapi? Huyu mwenzetu. Mpare wa Unguja." Na watu walikubali! Bibi mmoja alisema ndiyo maana sauti yake imekaa kama ya mtu anayedai shamba la urithi.

Ukweli ni kwamba jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, amezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa wazazi Waparsi, shule akasomea India, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Haya nimeyajua ukubwani. Utotoni sikujua Queen ni kitu gani. Nilijua kaseti ya deni tu.

Sasa sikilizeni jinsi kaseti yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande. Upande A zilikuwepo nyimbo tano za mwanzo za albamu. Upande B ulianza na wimbo mrefu wa taarabu ambao nadhani mwalimu hakuwa na moyo wa kuufuta, halafu bila salamu unaingia wimbo wa Mr. Bad Guy, ambao umepigwa na okestra nzima. Mimi mtoto najuaje? Fidla za taarabu zimeisha, fidla nyingine zimeanza, nikajua ni wimbo mmoja. Mpaka leo nikiusikia Mr. Bad Guy masikio yangu yanaitafuta taarabu kwanza. Yule mtu alizaliwa Mji Mkongwe, na kwenye gari letu taarabu ndiyo iliyomfungulia mlango. Naona hakuna aliyemkaribisha vizuri zaidi.

Lakini taarabu ilikula nafasi. Wimbo wa mwisho wa albamu, Love Me Like There's No Tomorrow, ulikuwa unaanza vizuri, kinanda na sauti, watu garini wananyamaza, halafu katikati, tak! Kaseti imeisha. Inabaki injini na kuku wa mtu chini ya kiti. Na kila mara, kila mara jamani, Mjomba alisema maneno yaleyale: "Nyimbo kumi na nusu. Nauli haijatimia."

Haya, tuingie kwenye mashitaka.

Shitaka la kwanza: Freddie aliwasaliti wenzake kwa kwenda kurekodi peke yake. Hili watu wamelitoa kwenye ile filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, inayoonyesha kama vile ndiye aliyelivunja kundi. Rumeti, fungua masikio. Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alishatoa albamu yake mwaka 1981 na nyingine 1984. Brian May alitoa ya kwake 1983. Freddie ndiyo anatoa ya kwake Aprili 1985, akiwa wa tatu kwenye foleni. Na kundi halikuwa limevunjika: Januari mwaka huohuo walikuwa wote Rio wanapiga mbele ya umati. Aliyetoka mwisho anaitwaje msaliti?

Shitaka la pili: vinanda vya umeme vimezidi, gitaa halisikiki. Hapa nitakuwa mkweli, maana shahidi mwongo anaharibu kesi. Ni kweli. Albamu ilirekodiwa Munich, studio ya Musicland, yeye na mtayarishaji Mack, na kuna mahali mashine zinapiga kelele kama redio iliyokosa stesheni. Let's Turn It On mimi huuruka. Foolin' Around nao sijawahi kuupenda hata siku moja. Na mtu mwenyewe albamu yake kaitunuku kwa paka wake, sasa mnategemea nini? Lakini ndani ya kelele hizohizo kuna There Must Be More to Life Than This, wimbo mfupi, taratibu, hauna mashine ya kujificha nyuma yake. Ukiusikiliza usiku huwezi kusema alikuwa anacheza.

Shitaka la tatu: ilishindwa. Uingereza ilifika namba 6, siyo haba, lakini Marekani haikuingia hata kwenye mia bora. Halafu tarehe 13 Julai 1985 ikaja Live Aid, Queen wakapanda jukwaani Wembley, dunia ikasahau kitu kingine chochote Freddie alichofanya mwaka ule. Mwaka 1995, miaka minne baada ya kifo chake, wenzake wakazichukua nyimbo mbili, Made in Heaven na I Was Born to Love You, wakazipiga upya kwa gitaa na ngoma zao. Rumeti anasema za 1995 ndiyo zenye maana. Nakubali ni kubwa. Gitaa linatetemesha kitanda. Lakini hapo unawasikia wenzake watatu wanamlilia. Kwenye ya 1985 hajafa, yuko peke yake studio, anaimba kama mtu asiyejua kama kuna anayesikiliza. Mimi hiyo ndiyo niliyoizoea. Halafu kushindwa ni wapi? Kule Mbaga kulikuwa hakuna anayejua chati za London. Abiria wa Land Rover walitulia, ikatosha.

Ushahidi wangu mkubwa ni Living on My Own, wimbo wa upweke wenye mdundo wa kuchezeka. Mwaka 1985 Uingereza uliishia namba 50. Mwaka 1993 ukachanganywa upya, ukawa namba moja, mwenyewe alishafariki tangu Novemba 1991. Na video yake ilipigwa Munich kwenye sherehe ya kutimiza kwake miaka 39. Ukumbi umejaa, watu wamevaa nguo za maajabu, wanacheka, wanakumbatiana. Wimbo unahusu mtu aliye peke yake, na picha ni ya mtu ambaye hana hata nafasi ya kusimama. Zamani niliona kama kosa la mpiga picha.

Halafu nikaja chuo.

Mwaka wa kwanza nilikuwa bloku lenye mamia ya watu na najua majina ya watatu. Foleni ya chakula, foleni ya kopi, foleni ya bafu, kote nimebanwa na watu na siku inaisha sijaongea. Mama akipiga: "Umekula?" "Nimekula." Kumbe nimekunywa chai. Muhula wa kwanza nikashika sapu mbili, nyumbani sikusema. Nilifikiria kwa kweli kupanda basi nirudi, nimwambie Mjomba nitakuwa kondakta wake, nikasahau kwamba gari lenyewe lilishakufa.

Usiku mmoja wa wakati ule, nimelala na simu chini ya blanketi, nikaitafuta kaseti ya deni kwenye mtandao. Nikaikuta yote. Ilipofika Living on My Own nikaikumbuka ile video, nikaona mpiga picha hakukosea kitu. Sikupona siku hiyo, msije mkadhani nahubiri. Ila nililala. Kesho yake nilimsalimia mtu kwenye foleni ya bafu, naye ndiye huyu rumeti mnayemsikia akitukana albamu yangu.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku ule wimbo wa mwisho ulipoanza nikakaza masikio kusubiri tak. Ilipokaribia pale pale, nikaizima simu. Niliona siyo haki niusikie mwisho mimi kabla ya mwenye kaseti.

Desemba nikapanda nyumbani. Mjomba sasa hivi hatembei, sukari imechukua mguu wa kulia juu ya goti. Land Rover iko juu ya mawe chini ya mparachichi, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, umekonda, huko Dar hawapiki?" Nikamwambia nimekuja na mwisho wa wimbo wa mwalimu. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Kaseti haisikilizwi sebuleni."

Tukambeba mimi na binamu yangu, tukamweka kwenye kiti chake, mbele ya usukani. Simu nikaiweka kwenye dashibodi, pale pale. Tulianzia upande B, bila taarabu, akalalamika kwamba nimempunja. Wimbo wa mwisho ulipofika katikati, mkono wake ukainuka wenyewe kwenda kugeuza kaseti. Miaka thelathini na ushee ya mazoea. Wimbo haukukatika. Mkono ukabaki hewani, haujui uende wapi, mpaka wimbo ulipoisha wote.

Akashusha mkono juu ya usukani. "Kumbe unaisha polepole hivyo," akasema. Nikanyamaza. Kule chini tambarare ya Mkomazi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

"Basi," akasema. "Nauli yake imetimia."

Halafu akaongeza, "Ila huyu Mpare ana uchungu." Sikumsahihisha.

Rumeti, ushahidi wangu nimeufunga. Ukikata rufaa chumba ni chetu wote, lakini spika usiizime tena kabla wimbo haujaisha. Wadau, maji yametoka, ngoja niwahi kufua kabla hayajakatika. Tuonane siku nyingine.