Mizizi Ipendayo Hewa

Utotoni mwangu, mjini Tanga, mimea iliyostahiki kutunzwa uani ilikuwa asumini, mawaridi, na mkilua wa kutilia vikuba, na yote ilifuata kanuni moja isiyohojiwa na mtu: udongo mweusi uliochanganywa na samadi, na maji asubuhi na jioni. Okidi haikuwamo katika hesabu hiyo hata siku ami yangu alipoleta tita la mashina ya manjano, lenye maua ya rangi iyo hiyo yaliyotiwa madoa ya kahawia, alilolipata juu ya mwembe mkongwe ulioangushwa kupisha barabara. Wataalamu huiita Ansellia africana. Sisi tuliiona ni ua kama maua mengine, nayo ikapewa makao iliyopewa mimea yote: debe la mafuta ya taa, udongo, samadi, na kopo la maji mara mbili kwa siku.

Haukupita muda mrefu majani yakaanza kunywea, na kwa kuwa jani lililonywea, kwa maarifa ya siku zile, lilikuwa ni jani lenye kiu, maji yakazidishwa. Hapo ndipo ilipofichika fitina ya mmea huu: mzizi uliokauka na mzizi uliooza hutoa dalili moja juu ya jani, kwani yote miwili haipandishi maji, na mwenye kuongeza maji kabla ya kuutazama mzizi aghalabu huiharakisha ajali ya mmea wake. Ami alipolipindua debe, mizizi mingi ilikuwa imegeuka kahawia, laini, ganda lake likivuka kwa kidole na kubakisha uzi tu katikati.

Wala dhana hii ya kuzidisha unyevu haikuwa ya Tanga peke yake. Waingereza wa karne ya 19, waliokuwa wakiletewa okidi kwa merikebu kutoka nchi za joto, walizifungia katika nyumba za vioo zilizojaa mvuke na kukosa upepo, zikafa kwa wingi, mpaka watunza bustani kama Joseph Paxton wa Chatsworth walipoanza kuziruhusu hewa na upepo.

Kwetu sisi, aliyetufumbua macho alikuwa mzee mmoja aliyewahi kutumika katika bustani za Amani, milimani Usambara, kituo kilichoasisiwa na Wajerumani mwaka 1902. Alilitazama debe, akatikisa kichwa, akamwambia ami: “Bwana, huyu kwao ni darini, wewe umemtia shimoni.” Maneno hayo yalitosha. Niliyoyasoma baadaye yaliyathibitisha: mizizi ya okidi zikaazo juu ya miti imevikwa tabaka jeupe la seli zilizokufa, lifyonzalo maji ya mvua kwa muda mfupi mno na kuyakabidhi kwa mzizi hai ulio ndani; tabaka hilo, likizingirwa na tope usiku na mchana, huukosesha mzizi hewa, na penye kukosa hewa uozo hupata riziki yake.

Mizizi iliyosalimika ikahamishiwa kwenye chungu kilichotobolewa ubavuni, kikajazwa vigae na vipande vya makaa, na mmea ukachipua upya. Walakini vigae na makaa haviweki maji, kwa hiyo wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, ilibidi kumwagilia kila asubuhi. Ami, aliyekuwa msafiri, akageukia makumbi ya nazi, yaliyokuwa tele wala hayana bei. Hayo nayo yana sharti lake, kwani makumbi yaliyofukiwa pwani ili yatolewe usumba huwa yamekunywa maji ya bahari, na mizizi ya okidi haivumilii chumvi. Tuliyaloweka katika maji baridi siku kadhaa, tukiyamwaga na kuyabadilisha, ndipo tukayakatakata. Kwa kuwa makumbi huhifadhi unyevu, maji ya kila siku yakawa maji ya kila siku ya tatu au ya nne, na katika masika hatukumwagilia kabisa.

Wakati huo huo ng’ambo nako mambo yalikuwa yakigeuka. Wakuzaji waliotegemea kwa miaka mingi nyuzi za mizizi ya kangaga aitwaye Osmunda, wakaanza katika miaka ya 1950, hasa huko Marekani, kutumia magome ya misonobari. Nami nilipoyapata magome nikiwa mtu mzima, nilikuta kwamba yakiwa mapya maji huyapita upesi, ilhali baada ya takriban miaka miwili huoza, hugeuka vumbivumbi, na kushika maji kama udongo ule ule wa debe. Ndiyo maana mmea huhamishwa kabla ya hapo, hata kama chungu chaonekana kizima.

Siku hizi maduka ya maua huuza Phalaenopsis zenye asili ya Asia, zikiwa zimeshindiliwa kuvumwani ndani ya vyungu vya plastiki angavu, na uangavu huo una faida, kwani mzizi mkavu huonekana wa kijivu cha fedha, na ukilowa tabaka lake hupenyeza nuru, ukaonekana wa kijani. Kuvumwani ikishindiliwa huweka maji siku nyingi. Anayeimwagilia kama magome huiua okidi, na anayemwagilia magome kama kuvumwani huikausha.

Alhasili, kilichobadilika katika miaka yote hii si vyombo tu, bali hata swali lenyewe. Zamani tuliuliza mmea wataka maji kiasi gani. Sasa nauliza mizizi yake hukauka kwa muda gani, kwa sababu maji na kijazio cha chungu ni hukumu moja, na mwenye kubadili kimoja hana budi kubadili na cha pili. Jirani akija kuniuliza amwagilie mara ngapi kwa juma, simtajii idadi kabla hajaniambia amepanda ndani ya nini, chungu kimekaa wapi, na upepo uvumao ni wa kaskazi au wa kusi.